Hila ya Kuondoka

14 Januari 1988

Mdogo wangu Bisibisi,

Salamu hizi zikukute na afya, pumzi na vidole vyako vyote, maana mtu anayeshinda na tupa na msumeno kutwa nzima ni lazima aulizwe habari za vidole kwanza. Wifi hajambo? Bado wanamkamulisha mashuka kule hospitalini, au wamemhamishia kwenye pasi kama walivyoahidi? Na Mama je? Mimi ni mzima, isipokuwa baridi ya huku imenikalia kooni na chumba changu kina dirisha linalokataa kufunga sawasawa. Ungekuwepo ungelitia adabu kabla hujavua viatu.

Kazini tumefika herufi H. Usicheke. Tulikaa kwenye F na G mpaka nikaanza kuziota. Mama aliponibandika jina la Chiriku kwa sababu ya mdomo wangu hakujua kwamba nitakuja kufungiwa ofisini na maneno ya watu wote. Hapa hakuna neno linaloingia kwenye kamusi kwa sababu mtu amelipenda. Kuna wenzetu wanaosoma magazeti, vitabu, hata barua za watu waliokubali kutupatia, na wakikutana na neno wananakili sentensi nzima kwenye kadi. Maana ikitaka kuingia kitabuni, lazima iwe na kadi za watu watatu tofauti. Tunawaita mashahidi.

Juzi nikafika kwenye neno hila. Mhariri Mkuu, mzee mmoja mwembamba anayekunywa chai bila sukari na kutuangalia kana kwamba sisi ndio tuliomnyima, alikuwa ameshaliandika: "mbinu ya werevu ya kumdanganya mtu, ujanja mbaya, ulaghai". Mashahidi tele. Fulani alimnyang'anya nduguye shamba kwa hila. Fulani alipata cheo kwa hila. Kila kadi na mwizi wake. Nikamwambia, Mzee, nyumbani kwetu neno hili halikuwa na mwizi. Unaukumbuka mlango wa jikoni? Mama alikuwa akisema, "Huo una hila yake, uuinue kidogo halafu uusukume kwa goti." Kumnywesha mtoto dawa chungu kulikuwa na hila yake. Kumwomba jirani mchoyo ngazi kulikuwa na hila yake. Mzee akaniuliza, "Mashahidi wako wako wapi?" Nikarudi mezani kwangu.

Lakini nimechimba. Neno limetoka kwenye Kiarabu, na huko kale lilibeba maana ya njia, namna ya kulifanya jambo linalokataa kufanyika. Hata mitambo ya kupandisha maji waliiita kwa neno hilo. Shina lake lina habari za kugeuka na kubadilika. Udanganyifu umo, siukatai, lakini haumo peke yake. Kwa hiyo nakuomba umuulize Mama: hili neno alilitoa kwa nani? Mama yake alilitumiaje? Uandike kama atakavyosema, usimsahihishe.

Na jingine. Mwambie likizo nimeiomba mwezi wa saba. Najua nilisema hivyo mwaka juzi na mwaka jana. Safari hii fomu nimeijaza kwa kalamu ya wino, si penseli. Nimewakumbuka mno. Kuna saa nikiwa kwenye ngazi za ofisi nasikia mtu anakohoa nyuma yangu nageuka nikidhani ni yeye.

Dada yako,
Chiriku


2 Machi 1988

Dada Chiriku,

Shikamoo. Vidole vipo vyote, ila kimoja kimevaa kitambaa na sitaki maswali. Barua yako ilifika kitambo, nimechelewa kujibu kwa sababu ya shughuli. Sasa hivi niko hapa kibandani nakuandikia juu ya meza ya kuchongea funguo, kwa hiyo ukikuta vumbi la shaba kwenye bahasha ujue ni salamu za kazi.

Wifi yako hajambo. Kwenye pasi hawajampeleka. Mkubwa wao anasema mtu mwenye mikono kama yake akiwekwa kwenye pasi ni hasara, eti anakamua kuliko mashine. Wamemvika kilemba cha ukoka na yeye kakivaa. Akirudi jioni miguu imevimba. Paa tumeliziba. Yule jirani wa ngazi amehama, ngazi kaondoka nayo.

Nikija kwenye neno lako, mwandikie huyo mzee wa chai kwamba fundi wa kufuli hawezi kufanya kazi wiki moja bila hilo neno. Kila kufuli kuukuu lina hila yake. Kuna moja nililetewa juzi na mwalimu mstaafu, ukiingiza ufunguo na kuuzungusha kama watu wengine, halifunguki hata ulie. Sharti uuzungushe mpaka nusu, uurudishe kidogo kama mtu aliyeghairi, halafu uendelee. Nani kamdanganya nani hapo? Kufuli limezeeka tu, linataka kubembelezwa. Huyo ni shahidi mmoja, andika kadi.

Mama hajambo. Anakula vizuri, jioni hasa. Macho ni yaleyale, mwanga anauona, watu hawaoni. Swali lako sijamuuliza bado. Nikipata nafasi nzuri nitamuuliza.

Hilo la mwezi wa saba nimelisikia. Usijihangaishe sana kama kazi imebana, tunaelewa.

Mdogo wako,
Bisibisi


29 Machi 1988

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole ya kidole ambacho sitakiuliza. Mpe wifi pole ya miguu, mwambie akifika nyumbani aiinue ukutani, asione haya, mimi hufanya hivyo na nakaa kitini kutwa. Mimi sijambo. Dirisha nimelituliza kwa gazeti. Kufuli lako la mwalimu nimeliandikia kadi na Mhariri Mkuu ameisoma mara mbili. Akasema, "Mmoja." Kwa mtu kama yeye huko ni kupiga makofi.

Sasa acha nikuulize, na usinizungushe.

Nimezitoa barua zako za tangu mwaka jana nikazisoma zote kwa pamoja. Zamani hapakuwa na barua yako ambayo Mama hakuidakia. Ulikuwa unaandika, "Mama ananisukuma kiwiko, anauliza unakula?" "Mama anasema chiriku gani huyo asiyerudi kiotani." Na mwisho, kila mara, bila kukosa: "Mama anauliza utakuja lini." Nilikuwa nikifika hapo nakasirika. Nilikuwa najiambia, huyu mama hajui kazi, hajui safari, hajui kwamba mtu haombi ruhusa kama anaomba maji.

Katika barua zako tatu za mwisho haulizi. Nimesoma mbele na nyuma ya karatasi. Hajambo, anakula, basi. Na wewe unaniambia nisijihangaishe kuja. Tangu lini, Bisibisi? Wewe ndiye uliyekuwa unaniandikia kwamba nimekuwa mgeni rasmi, naahidi tu sifiki.

Kama amenikasirikia, niambie. Kama amechoka kuningoja na ameniondoa moyoni, niambie pia, mimi si mtoto. Nitaumia lakini nitajua. Kisichovumilika ni kukaa huku nikimtamani mtu ambaye sijui kama bado ananitamani.

Na swali la hila je? Nafasi nzuri bado haijapatikana tu?

Dada yako


11 Mei 1988

Dada yangu,

Shikamoo. Habari za huku ni nzuri. Mvua zimenyesha kwa mpango, kibanda hakivuji, kidole kimepona. Wifi yako anakusalimu sana, safari hii amesisitiza. Barua hii nimeianza na kuichana mara nyingi mpaka akaniambia, "Utamaliza karatasi za duka zima, mwambie tu."

Mama hajakukasirikia. Haulizi utakuja lini kwa sababu kwake yeye unarudi kila jioni.

Nitakueleza toka mwanzo. Mwaka jana mvua zilipoanza akili yake ilianza kuteleza. Hatukukuandikia, tulidhani ni homa. Alikuwa anakaa karibu na mlango kuanzia asubuhi, anakungoja. Ukimwambia uko mbali, analia kama ndio kwanza amesikia. Kesho yake hivyo hivyo. Akawa hali. Daktari alimpima kila mahali akasema mwili ni mzima, haya mengine ni uzee, hayana dawa. Alikonda mpaka pete ikawa inamdondoka.

Unalikumbuka lile koti lako la kijivu uliloliacha kwa kuwa sanduku lilikataa kufunga? Siku moja ya mvua wifi yako alilivaa kwenda kazini. Aliporudi akapita karibu na Mama. Mama akaushika upindo, akaupandisha mkono mpaka kwenye kola, akasema, "Chiriku? Umerudi?" Mwenzangu alikuwa hoi, amesimama siku nzima, hakuelewa hata ameulizwa nini. Akajibu, "Nimerudi, Mama." Basi Mama akacheka, Dada. Akauliza kuna chakula gani. Akala akamaliza.

Mimi nilikuwa nimesimama hapo na bakuli mkononi. Kama kuna mtu wa kulaumiwa ni mimi, kwa sababu kesho yake nilimwambia mke wangu alivae tena.

Tangu siku hiyo ndivyo tunavyoishi. Mchana Mama ametulia, anajua uko kazini. Jioni "unarudi". Anakushika mkono, anakuuliza habari za maneno yako, unampa chakula. Barua zako nilikuwa namsomea kama zamani. Ile ya mwezi wa kumi nilipoanza tu "Mdogo wangu, salamu kutoka huku mbali", akashtuka, akaniuliza, "Nani huyo anayejifanya mwanangu? Mwanangu yuko kazini, jioni anarudi." Nikaificha hapo hapo. Sijamsomea tena. Swali lako sikumuuliza kwa sababu hiyo, ningemuulizaje, nimwambie aliyetaka kujua ni nani?

Niite tapeli ukitaka. Kwenye kadi za mzee wako natoshea vizuri. Lakini nilimwona anakufa kwa kungoja, na nilimwona anakula.

Kuhusu kuja kwako mwezi wa saba sijui nikwambie nini. Nataka uje. Naogopa uje. Ukiingia hapa asubuhi ukasema "Mama, ni mimi", sijui atakuita nani.

Mdogo wako


30 Mei 1988

Mmechukua mahali pangu mkampa mtu mwingine, na mtu huyo amepafaa kuliko mimi. Hongereni. Mimi nimekaa huku nikihesabu mashahidi wa neno, kumbe kwetu nina mbadala anayerudi kwa wakati, amevaa nguo yangu, anaitika jina langu. Mngeniuliza. Barua ni karatasi na stempu, mngeniuliza!

*

Hayo ya juu niliyaandika siku ile ile barua yako ilipofika. Nilitaka kuichana karatasi halafu nikaamua uisome, maana tumefichana ya kutosha.

Marahaba, mdogo wangu. Hujambo? Wifi hajambo? Mimi sina la kusema juu ya hali yangu, naenda kazini, narudi. Mhariri Mkuu ameniona nimevimba macho akanisogezea kikombe chake cha chai. Nikainywa. Ni mbaya kama nilivyodhani.

Sikuiti tapeli. Nimelijaribu hilo neno kwako mara kadhaa, halikai.

Nitakwambia nililokuwa silisemi. Likizo sikunyimwa. Mwaka jana ilikubaliwa na nikairudisha. Niliogopa kwamba nikimwona Mama sitaweza kuondoka tena, basi nikaona heri nisimwone nibaki mzima. Nilijua anangoja. Nilidhani kungoja kwake ni kitu kitakachokuwepo siku zote, kama ukuta wa nyumba.

Muulize wifi kwa ajili yangu, bila hasira yoyote: Mama anamshikaje mkono? Anamwambia nini? Yale maneno ni yangu, Bisibisi. Yamesemwa kwangu. Nataka kuyasikia hata kama yamepitia sikio la mtu.

Chiriku


24 Juni 1988

Dada,

Shikamoo. Sote wazima. Leo mimi ni karani tu, anayesema ni wifi yako, amekaa hapa ameweka miguu ukutani. Anasema hivi:

"Wifi, anaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, anaupapasa kwenye vifundo, anasema mikono yako imekuwa migumu, hayo maneno unayaandika au unayafua? Nacheka, naye anacheka. Ananiuliza umekula. Ananiuliza huko kazini mnaheshimiana. Halafu ananiambia nilale mapema. Ni hayo tu, kila siku, na kila siku nayaona mapya, kwa sababu mimi mama yangu alifariki sijaweza hata kukaa. Sijaiba. Ningejua namna ya kukuwekea akiba ningekuwekea. Njoo. Kama atakujua nitalivua koti siku hiyohiyo. Kama hatakujua, utakuwa angalau umemwona."

Mwisho wa kunukuu. Na mimi naongeza: njoo.

Bisibisi


21 Agosti 1988

Mdogo wangu Bisibisi,

Nilifika salama mwanzoni mwa mwezi, gari lilichelewa lakini lilifika. Chumba nimekikuta na baridi yake na gazeti langu dirishani. Nakushukuru wewe na wifi kwa siku zote zile. Mwambie wifi mafuta aliyonifungia yalimwagika kidogo sandukuni na sasa nguo zangu zote zinanukia nyumbani, sitaki kuzifua. Kidole chako kipya ulichojikata nikiwa hapo, kitunze.

Kuna mambo sikukwambia nilipokuwa huko, kwa sababu mchana ulikuwa kibandani na jioni nilikuwa sina uso wa kusemea. Acha niyaseme sasa.

Unajua asubuhi ile ya kwanza ilivyokuwa. Tulikubaliana nisimshtue, ukamwambia, "Mama, huyu ni mgeni, anafanya kazi ofisi moja na Chiriku." Akanikaribisha vizuri sana. Nilimpa mkono akaushika kama unavyoushika mkono wa mtu baki, kwa adabu, akauachia. Usilolijua ni la jioni yake. Wewe ulikuwa hujarudi bado. Wifi alipofika mlangoni alinitazama tu, akalivua koti akanivisha, akanifungia vifungo kama mtoto anayekwenda shule. Nikatoka nje, nikaingia upya. Nikasema, "Mama, nimerudi." Akaupokea mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, Bisibisi. Akaupapasa vifundo. Halafu akaacha. Akasema kwa upole, "Wewe si yule mgeni wa asubuhi? Mbona umevaa koti la mwanangu?"

Nilimwomba wifi asikwambie, naye kaniwekea siri. Alikaa na mimi jikoni, akaniegemeza begani kwake, na alilia zaidi yangu. Kisha akaingia kwa Mama bila koti, na gauni lake la kazi limelowa, na Mama akasema, "Haya, huyu hapa." Nikajua kwamba si koti. Ni miezi yote ile ya kurudi.

Baada ya hapo nikaukubali ugeni. Mlipoondoka asubuhi tulibaki sisi wawili, yeye kitini kwake, mimi kwenye kiti cha jirani, kile cha wapitao kusalimia, kwa sababu kile changu aliniambia kina mwenyewe. Tulizungumza mchana kutwa. Hakuwahi kunisimulia mambo mengi vile nilipokuwa binti yake. Alinisifia binti yake mpaka nikaona haya. Alimsengenya pia: mbishi, hajui kukuna nazi, anaweka vitu moyoni mpaka vinaoza.

Siku moja nikapata ujasiri. Nikamwambia, "Mama, kazini tunabishana juu ya neno hila. Wewe unalionaje?" Akasema, "Mtoto akikulalia mkononi na wewe una kazi ya kwenda, hapo ndipo utakapolijua."

Akanieleza. Alikuwa anafanya kazi kwenye tanuri la mikate na zamu zilianza alfajiri. Mwanawe alikuwa hakubali kuachwa, akiamka akakuta kitanda kitupu majirani wote wataamka naye. Mama yake, bibi yetu, ndiye aliyemfundisha. Mkono usiuchomoe. Unaanza kwa kuupunguzia uzito ukiwa bado umelala. Unatoa kidole, unangoja mtoto apumue. Unatoa kingine. Na kila unapotoa unajaza shuka ulilolilalia wewe, lenye joto lako na harufu yako, mpaka mwisho mtoto amekumbatia shuka na wewe uko mlangoni na viatu mkononi. "Hiyo ndiyo hila," akasema. "Mama yangu alikuwa haijui nyingine."

Nikamuuliza, "Huko si kumdanganya?"

Akageuza uso wake kunielekea. Akasema, "Ningemwambia siondoki, hapo ningekuwa nimemdanganya. Mimi sikumwambia kitu. Niliondoka asilie, na jioni nilirudi. Kila siku nilirudi. Ungekuwa uongo kama nisingerudi."

Mimi ndiye niliyekuwa nimelala, Bisibisi. Maisha yangu yote ninaamini kwamba Mama alikuwa nami kitandani mpaka jua linatoka. Nilikuwa tayari kula kiapo. Nikainuka nikajifanya nakwenda kuchota maji.

Na siku ya mwisho. Wewe ulikuwa unanifungia sanduku nje. Mama akanishika kidogo mkono nilipoinuka, akaniambia, "Mgeni, umenichangamsha. Kesho utakuja?" Nikamjibu, "Nitakuja, Mama." Nikatoka, nikapanda gari, na kesho yake sikwenda. Wala keshokutwa. Hila yenu wewe na wifi inarudi kila jioni na miguu iliyovimba. Yangu haijarudi.

Mwezi huu mzima nimekuwa nikikaa na kadi za herufi I na kusikia sauti yake. Sikia, nimeacha kazi. Usipige kelele. Nilimwandikia Mhariri Mkuu barua ya heshima, akaniita. Nikampa pia kadi ya Mama, ya mtoto na shuka. Aliisoma, akasema mashahidi ni wawili na wote wa nyumba moja, kwa hiyo maana yetu haitaingia kwenye toleo hili. Hakukosea, ndiyo sheria yetu na mimi mwenyewe nimewakatalia wengi kwayo. Halafu akaniambia, kwa masikitiko, kwamba nafasi yangu itabidi apewe mtu mwingine. Nikacheka. Akashangaa. Sikumweleza.

Funguo za chumba narudisha mwisho wa mwezi. Huko nitatafuta kazi ya kupiga chapa, au utanifundisha kuchonga funguo, usiniambie hapana kabla hujaniona na tupa. Ile hofu yangu kwamba nikimwona sitaweza kuondoka tena ilikuwa ya kweli. Nimeondoka mwili tu.

Sitamtaka wifi avue chochote. Jioni ni zake, amezifanyia kazi. Simwombi Mama anijue. Nataka mchana, kuanzia mnapofunga mlango mpaka wifi anaporudi, na kile kiti cha jirani.

Mwambie Mama kwamba yule mgeni amekawia, lakini yuko njiani. Usimwambie zaidi ya hapo.

Dada yako